Siku tisa ziwani peke yako: mwongozo kamili wa Entebbe, visiwa vya Ssese na Jinja

Uganda haina bahari, na ndugu zangu wa Mombasa hawachoki kunikumbusha. Nikiwaambia naenda ufukweni wananiuliza: ufukwe wa bwawa gani? Natamani siku moja niwasimamishe gatini Lutoboka, visiwani Ssese, jioni, upepo ukivuma, mawimbi yakigonga nguzo na ng'ambo haionekani. Ziwa hili, Victoria kwenye ramani na Nalubaale kwa Waganda, lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Lina miji yake, mialo yake ya kushushia samaki, dhoruba zake, na visiwa ambako jogoo wa jirani ndiye kelele pekee ya asubuhi.

Njia hii nimeizunguka mara nne, mara tatu nikiwa peke yangu. Mwongozo huu ni wa mtu mmoja mwenye begi moja na siku tisa, katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Unatoka Kampala kwenda Entebbe, unavuka kwa feri hadi Kalangala kisiwani Bugala, unatokea Masaka kwa kivuko cha Luku, kisha unamalizia Jinja.

Anza na feri, miji itafuata

Wengi huanza kwa kutafuta hoteli. Nami nilianza hivyo, nikaadhibiwa.

MV Kalangala huondoka Nakiwogo, Entebbe, mara moja tu kwa siku, saa nane mchana. Safari huchukua kama saa tatu na nusu. Hulala Lutoboka, kwenye kisiwa cha Bugala, na kurudi kesho yake saa mbili asubuhi. Ukiikosa, umeikosa hadi kesho. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimeshalipia chumba kisiwani, nikatoka Kampala saa tano na nusu nikijidanganya kwamba kilomita arobaini ni mwendo wa saa moja. Foleni ya Kajjansi peke yake ilinila karibu saa nzima. Nilifika Nakiwogo nikaikuta feri inageuza mkia, iko karibu kiasi cha kusoma jina lake ubavuni. Muuza karanga akanitazama, akalitazama begi langu. "Nnyabo," yaani mama, "rudi kesho." Akaendelea kukunja vikaratasi vyake.

Kwa hiyo panga hivi. Kwanza chagua siku za kisiwani. Pili, siku mbili au tatu kabla, piga simu kwa mwenye nyumba ya wageni Kalangala umuulize kama feri inatembea wiki hiyo, maana huwa inapelekwa matengenezo na watu wa kisiwani ndio wa kwanza kujua. Tatu, lala Entebbe usiku wa kuamkia safari. Hapo ndipo ulipie vyumba, na hata hapo lipia usiku wa kwanza tu.

Jambo la pili ni siku za juma, na hili lina uzito kuliko hoteli utakayochagua. Bugala ya Jumamosi na Bugala ya Jumanne ni visiwa viwili tofauti. Kuanzia Ijumaa makundi ya ofisini na ya vyuo hushuka kutoka Kampala na spika kubwa kama kabati, na Lutoboka nzima hucheza hadi alfajiri. Ukitaka utulivu, ingia Jumatatu utoke Alhamisi. Mimi ratiba yangu ni hii: Jumamosi na Jumapili Entebbe, Jumatatu feri, usiku wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano kisiwani, Alhamisi nalala Masaka, Ijumaa na Jumamosi Jinja, Jumapili nyumbani. Usiku wa Masaka ndio akiba yangu. Feri ikigoma siku moja, namwaga Masaka na safari haivunjiki.

Tarehe nayo iangalie. Juni 3 ni sikukuu ya Mashahidi, mahujaji hufurika Namugongo, na usafiri wa Kampala hauaminiki siku hiyo wala siku za jirani.

Kiangazi chenyewe usikiamini kupita kiasi. Bara kukiwa kukavu, ziwa lina hali yake ya hewa: dhoruba nyingi huzaliwa juu ya maji usiku na kupiga alfajiri, na katika miezi hii upepo wa kusini hulichafua ziwa mchana. Kwenye feri kubwa utayumba tu. Kwenye mtumbwi utalowa, na pengine utasali.

Entebbe, siku mbili za kutuliza mwendo

Teksi za kwenda Entebbe, yaani zile za abiria 14, hupita barabara ya zamani. Ile ya kulipia, iliyofunguliwa 2018, ni ya mwenye gari au anayekodi. Ukiwa peke yako, pa kulala pazuri kwa bei ni upande wa Kitooro, penye soko, chapati za usiku na bodaboda za kukufikisha Nakiwogo kwa dakika chache. Pana kelele kidogo. Asiyependa kelele aende chini karibu na bustani na alipe zaidi.

Bustani ya mimea ilianzishwa 1898, na asubuhi mapema unaweza kuitembea nzima ukiwa wewe na mbega tu, wale weusi wenye mikia mirefu myeupe kama pindo la kanzu. Keti chini ya mti mmoja nusu saa, watashuka wenyewe. Usiwape ndizi.

Kisiwa cha Ngamba, hifadhi ya sokwe mayatima tangu 1998, kiko kilomita 23 kutoka Entebbe, na hapa msafiri wa peke yake huumia mfukoni. Boti hukodiwa nzima, uwe mmoja au saba. Usikate tamaa. Piga simu kwa wanaopanga safari hizo, uulize siku gani kuna kundi lenye nafasi, ukubali siku yao. Beba kitambulisho: bei ya mgeni, ya mkazi wa Afrika Mashariki na ya raia ni bei tofauti, na bila karatasi wewe ni mgeni tu. Ukikosa kundi, nenda Mabamba, kinamasi kilicho ng'ambo ya Entebbe, ukamtafute korongo-nyangumi kwa mtumbwi wa kasia. Ni ndege mrefu, wa kijivu, mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, anayesimama bila kutikisika hadi unaanza kujishuku macho. Fika kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Baada ya saa nne utakuwa umelipia kutazama mafunjo.

Majini ukiwa peke yako

Feri ya Nakiwogo ni salama na rahisi: fika saa sita, kata tiketi, andikisha jina, onyesha kitambulisho, kaa upande wa kivuli. Nauli ni shilingi 10,000 na kitu, chini ya bei ya chakula cha mchana katika hoteli nyingi za Entebbe. Njiani utavuka ikweta bila mtu kukuambia. Entebbe iko kaskazini yake kidogo, Kalangala kusini. Mimi husimama nyuma na kukisia ni saa ngapi.

Maboti ya mbao ni habari nyingine. Ukitaka kwenda visiwa vidogo, kama Bukasa, utapelekwa mwalo wa Kasenyi, na hapo safari huanza mgongoni mwa mtu. Boti haiwezi kufika mchangani, kwa hiyo vijana wenye mabega kama milango wanakubeba majini hadi ubavuni mwa boti kwa malipo madogo. Mwafikiane bei ukiwa bado nchi kavu. Yule aliyenibeba mimi alifika katikati, maji yakiwa kiunoni mwake, akasimama na kuniuliza taratibu kama sitamwongeza kidogo. Niliongeza.

Kabla ya kupanda boti lolote la mbao, fanya mambo manne, na usione haya. Tazama jinsi linavyokaa majini: ukingo ukiwa karibu na maji kuliko urefu wa mkono wako, subiri jingine. Omba jaketi la kuokoa maisha na ulivae hapo hapo, ufunge mikanda yote. Jaketi lililowekwa chini ya magunia ya mahindi ni pambo. Mwulize nahodha kama ana injini ya akiba. Kisha tazama saa: boti linaloondoka baada ya saa tisa alasiri litakufikisha gizani. Novemba 2018 boti la starehe lilizama karibu na pwani ya Mukono, likiwa limejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 walikufa. Ufuko ulikuwa unaonekana.

Halafu kuna lile swali. Litakuja tu, hasa kwa mwanamke.

"Dada, uko na nani?"

"Niko na ndugu yangu, ananingoja Kalangala."

"Anakaa wapi?"

"Kwa afande."

Hapo mazungumzo hugeukia bei ya sangara. Si uongo wa kujivunia, lakini umenifaa kuliko kufuli la begi. Mimi nimekulia kambini Jinja, baba akiwa askari, na afande wa kumtaja sijawahi kumkosa. Wewe mtaje kaka, mjomba, yeyote anayekungoja. Na awepo kweli mtu anayengoja ujumbe wako: kabla ya kuondoka mtumie mmoja wa nyumbani jina la boti, mwalo unaotoka, saa, na namba ya mwenye nyumba ya wageni. Mwambie akutafute saa ngapi usipotokea.

Kiswahili kitakusaidia majini kuliko mjini. Katiba yetu imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, ingawa Kampala bado kuna mtu anayekisikia akashika mfuko wake wa nyuma. Kwenye mialo mambo ni kinyume. Wavuvi wametoka kila upande, Waganda, Wasoga, Wakongo, Wanyarwanda, Wajaluo, na askari wanaolinda uvuvi ndio kabisa, Kiswahili ni kazi yao. Salamu ya "habari ya kazi, afande" hufupisha ukaguzi wa begi kwa nusu.

Kalangala: jinsi ya kutofanya kitu

Ssese ni visiwa 84. Bugala ndicho kikubwa, na mji wa Kalangala umekaa mgongoni mwa kilima, Lutoboka ikiwa chini yake. Amua mapema: ufukwe ni wa watalii na bei zake, mjini ni kwa wenyeji, chumba nafuu, chakula cha kweli, na dakika ishirini za kushuka kwa miguu. Kupanda je? Tusizungumzie.

Kabla ya kulipia nyumba ya ufukweni mimi hupiga simu saa tatu usiku, Jumatano. Mpokeaji akiongea na nikasikia ngoma nyuma yake, namshukuru na kukata. Kukiwa kimya, nauliza maswali matatu: chandarua kipo, umeme ukikatika kuna nini, na mlango wa chumba unafungwa kwa ndani kwa komeo au kwa kitasa tu.

Siku ya kwanza usipange lolote. Siku ya pili kodi baiskeli au bodaboda ufuate barabara ya Luku, utaona kisiwa kilivyogawanyika: upande huu msitu wa asili wenye tumbili na hondohondo, upande ule michikichi iliyopangwa safu kwa safu hadi macho yanachoka. Michikichi imeleta barabara, kivuko na mishahara, imekula msitu pia. Ukimwuliza mwenyeji utapata jibu refu, mwachie amalize. Ule ukimya nao una historia nzito. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wengi mno kando ya ziwa, na mwaka 1909 serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa hivi kwenda bara. Msitu ukajirudishia nafasi. Kisiwa cha Bubembe bado ni mahali pa heshima, makao ya Mukasa, mungu wa ziwa katika imani ya Kiganda. Usiende huko kama mpiga picha, nenda na mwenyeji, au usiende.

Chakula ni samaki. Sato hapa wanaitwa ngege, sangara ni mputa, dagaa ni mukene. Agiza ngege mzima wa kukaangwa saa tisa ili umle saa moja jioni, kwa sababu jikoni watamfuata mwaloni kwanza. Jioni fulani utaona moshi mweusi ukija juu ya maji bila moto. Ni usubi wa ziwani. Hawaumi, lakini wanaingia puani, kwenye chai, na kwenye taa yoyote iliyowashwa. Zima taa, funga dirisha, kula mapema.

Sasa kuogelea, ambako wahudumu watakuambia "maji ya hapa ni salama". Ziwa lina kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa kina kifupi, hasa penye majani na matete, na hupenya ngozi isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Hutoka zaidi jua la mchana likiwa kali. Nimeogelea, sitajifanya malaika. Lakini naingia mbali na matete na mialo, natoka upesi, najikausha kwa taulo gumu papo hapo, kisha wiki 6 hadi 8 baadaye naenda kliniki kwa dawa ya prazikwanteli. Kuimeza siku uliyotoka majini hakusaidii, kwa sababu huua minyoo iliyokwisha komaa. Dozi hupimwa kwa uzito, basi usinunue vidonge vya kukisia dukani. Pia waulize wavuvi kuhusu mamba na viboko kabla hujavua viatu. Wao hawana biashara ya kukuficha.

Na picha za zamani zisikudanganye. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na fukwe nyingi pana zikamezwa. Nyingine zimerudi, nyingine ni ukanda wa mchanga na mizizi.

Pesa: toa Entebbe. Mawakala wa pesa za simu wapo Kalangala, lakini wakala anaweza kukutazama kwa upole na kukuambia hana kiasi hicho. Kila unapotoa kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kawaida, basi toa mara moja, ugawe: nyingine begini, nyingine kiatuni.

Kutoka kwa mlango wa nyuma

Wengi hurudi Entebbe kwa feri ile ile. Mimi natokea Luku. Kutoka mjini Kalangala hadi Luku ni kilomita thelathini na kitu kwa teksi au bodaboda, kisha kivuko cha kwenda Bukakata, bara, ambacho ni bure kwa watu na magari, chenye safari kadhaa mchana kutwa. Usiku hakuna, kwa hiyo toka Kalangala asubuhi. Kufika Masaka ni kama kilomita 40 zaidi. Aliyechoka kubadilisha magari apande basi la moja kwa moja la Kampala, linaloingia na kivuko.

Masaka ni usiku mmoja wa kufua nguo na kulala. Kesho yake, kwenye barabara ya Kampala, kaa upande wa dirisha: wauza samaki wa Lwera wamewatundika kando ya lami, Kayabwe utavuka ikweta tena, safari hii penye lile duara jeupe na foleni ya wapiga picha, na Mpambire ngoma zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule.

Jinja

Jinja nina upendeleo nayo, ni kwetu. Imekuwa jiji rasmi tangu Julai 1, 2020, ingawa Main Street yenye maduka ya zamani ya Wahindi bado inatembea kwa mwendo wa baiskeli. Fika Ijumaa kabla ya magharibi, maana barabara ya Kampala hadi hapa, kilomita 80 tu, siku za Ijumaa huwa ndefu maradufu.

Jumamosi asubuhi nenda penye chanzo cha Nile. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika hapo Julai 28, 1862, lakini maporomoko aliyoyaona hayapo. Yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa 1954. Kuna sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni hapo 1948. Boti la kwenda penye mkondo nalo hukodiwa zima. Keti langoni na chai hadi uone familia yenye nafasi, ukawasalimie. Sijawahi kukataliwa, na mara moja nilipewa mtoto nimshike njia nzima.

Wapenda mawimbi wajue kwamba bwawa la Bujagali la 2012 lilihamisha mchezo wa boti za mpira kwenda chini zaidi, upande wa Itanda. Mimi jioni hutembea tu ufukoni na rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai: mayai mawili, kabichi nyingi.

Begi na kurudi

Begi moja la mgongoni, kilo nane basi. Kila kitu ndani ya kaveera nzito, yaani mfuko wa plastiki, simu ndani ya mbili. Sweta, kwa sababu upepo wa ziwa jioni si mchezo. Tochi ya kichwani, dawa ya mbu ya kujipaka, vidonge vya malaria alivyokuandikia daktari kama unatoka nje, na anayeingia nchini asisahau cheti cha homa ya manjano. Chaja ya akiba. Viatu vya kulowa na viatu vikavu.

Jumapili ondoka Jinja kabla ya saa sita mchana, la sivyo Mukono itakukalisha. Baada ya msitu wa Mabira na Lugazi mtafika Namawojjolo, na dereva atasimama hata msipomwomba. Wauzaji watajaza madirisha kwa vijiti vya kuku, gonja (ndizi za kuchoma) na maini. Weka simu begini kwanza, shika noti ndogo, na chagua paja. Kidari huwa kimekaukia motoni tangu asubuhi.